Rituksimabu, trastuzumabu au pembrolizumabu: ipi inaita seli gani, na mtu achague vipi

Wagonjwa watatu waliokaa benchi moja la kliniki ya saratani wanaweza kuwa na dawa hizi tatu kwenye mafaili yao, na kila mmoja akawa ameambiwa anapewa "dawa ya kinga". Zote ni kingamwili zilizotengenezwa kiwandani, zote kwa kawaida huja kwa dripu, zote ni ghali. Ila kazi zinazofanya mwilini hazifanani, na sababu ya kumpa huyu na kumnyima yule haitokani na ukali wa dawa. Inatokana na maswali mawili: kuna alama gani ya kushikwa, na ni seli gani ya kinga itakayokuja kumaliza kazi. Familia nyingi huuliza bei kwanza na maswali haya baadaye, wakati mwingine baada ya dozi ya tatu.

Mikono na mguu

Kingamwili aina ya IgG ina umbo la Y. Mikono miwili ya juu hushika shabaha. Mguu wa chini, unaoitwa Fc, hushikwa na seli za kinga. Rituksimabu hushika CD20, protini iliyo juu ya seli B (seli nyeupe za damu zinazozaa kingamwili) na juu ya limfoma nyingi, yaani saratani, zinazotokana nazo. Trastuzumabu hushika HER2, protini ya juu ya seli inayopitisha ishara za kukua. Kingamwili zikishajaa juu ya seli ya saratani, seli za NK, seli za kinga zenye kazi ya kuua, huja na kushika miguu ile kwa kipokezi chao kiitwacho CD16. Vipokezi kadhaa vikivutwa kwa pamoja, NK humwaga perforini, inayotoboa utando, na granzaimu, zinazoingia ndani na kuilazimisha seli ijiue. Makrofeji hushika mguu uleule kwa vipokezi vyao na kuimeza seli. Kwa rituksimabu kuna njia ya tatu, komplementi: protini za damu zinazoanza na C1q na kuishia kutoboa utando.

Kingamwili ya namna hii ni kama X nyekundu iliyopakwa kwenye nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi ya barabara: X haibomoi ukuta, inamwonyesha mwenye tingatinga pa kuanzia. Mwaka 2000 Raphael Clynes, Jeffrey Ravetch na wenzao walilionyesha hili kwa panya. Panya waliokosa vipokezi vya kushika mguu wa Fc walipopewa trastuzumabu au rituksimabu, dawa zilipoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Trastuzumabu ina kazi nyingine pia, kuzuia ishara za kukua zinazotoka kwenye HER2, lakini kazi hiyo peke yake haikutosha.

Pembrolizumabu iko upande mwingine kabisa. Haigusi seli ya saratani. Hushika PD-1, kipokezi kilicho juu ya seli T (seli nyingine za kinga zinazoua), ambacho kikiguswa na PD-L1, protini ya uvimbe, huifanya seli T ilegee. Dawa ikikaa hapo, PD-L1 inakosa pa kugusa na seli T inaendelea kuua. Kwa makusudi, watengenezaji walitumia IgG4, aina ambayo mguu wake hauiti NK kwa nguvu. Mguu ungeita, NK na makrofeji zingekuja kuua seli T zilezile tunazozihitaji. Jambo linalotafutwa kwenye trastuzumabu ndilo linalokwepwa kwenye pembrolizumabu.

| | Rituksimabu | Trastuzumabu | Pembrolizumabu |
|---|---|---|---|
| Inashika | CD20 | HER2 | PD-1 ya seli T |
| Wanaoua | NK, makrofeji, komplementi | NK, makrofeji | Seli T |
| Kipimo cha kuruhusu | CD20 kwenye biopsi | HER2 3+, au 2+ yenye ISH chanya | PD-L1 au MSI, kutegemea saratani |
| Kipimo cha usalama | Homa ya ini B | Eko ya moyo | Tezi ya shingo, ini, figo, sukari |
| Dozi | 375 mg/m² | 8 mg/kg, kisha 6 mg/kg kila wiki 3 | 200 mg kila wiki 3, au 400 mg kila wiki 6 |
| Shida ya kutarajia | Homa na baridi saa za kwanza | Moyo kupungua nguvu kimyakimya | Kinga kushambulia viungo, hata miezi baadaye |

Trastuzumabu: kila kitu kinaanzia kwenye kipande cha nyama

Kati ya saratani 100 za matiti, kama 15 hadi 20 zina HER2 iliyozidi. Kwenye karatasi ya maabara, 0 na 1+ ni hasi kwa dawa hii na 3+ ni chanya. Majibu ya 2+ hayaruhusu wala hayakatai. Yanadai kipimo cha pili cha jeni, ISH. Anayeanza kwa 2+ bila ISH anabahatisha na fedha nyingi. HER2 zikiwa chache juu ya seli, kingamwili zitakazoshika ni chache, miguu haitoshi kuvuta CD16 nyingi kwa mara moja, na NK inapita bila kufanya kitu.

Majibu haya huharibika mapema, kabla hata sampuli haijafika maabara. Kipande cha biopsi kinatakiwa kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 ndani ya saa 1 tangu kikatwe, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikikaa mpaka jioni kwenye maji ya chumvi kwa sababu formalini imeisha, au kikasahaulika kwenye chupa wikiendi ndefu ya sikukuu, usomaji wa HER2 hauaminiki tena. Anayebeba sampuli aandike kwenye chupa saa ya kukatwa na saa ya kuingia formalini.

Kwenye chumba cha kuchanganyia, chupa ya 440 mg huyeyushwa kwa mililita 20 za maji yenye kihifadhi yanayokuja nayo, ikatoa 21 mg kwa mililita. Zungusha polepole, usitikise. Likitokea povu, acha itulie dakika 5. Kwa mgonjwa wa kilo 64, dozi ya kwanza ni 512 mg, yaani mililita 24.4, na kuanzia ya pili ni 384 mg, mililita 18.3. Hapo zinabaki kama 56 mg kwenye chupa. Iliyoyeyushwa kwa maji yenye kihifadhi hudumu siku 28 kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo kliniki inayowapanga wagonjwa wa trastuzumabu siku moja huokoa dawa nyingi. Iliyoyeyushwa kwa maji ya sindano ya kawaida haina ruhusa hiyo. Dripu ya kwanza hupita dakika 90. Ikivumiliwa vizuri, zinazofuata dakika 30.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye maji ya dripu na kwenye jina. Trastuzumabu ya kawaida huingia kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kamwe si dekstrosi, kwani humo protini zake hugandana. Trastuzumabu derukstekani, ambayo ni kingamwili iliyobebeshwa dawa ya kemotherapi, inataka kinyume: dekstrosi ya asilimia 5 tu. Trastuzumabu emtansini, nayo imebebeshwa sumu, inarudi kwenye maji ya chumvi. Dozi za hizi mbili ni 5.4 mg/kg na 3.6 mg/kg. Mtu akisoma neno la kwanza la boksi tu, mgonjwa wa emtansini anaweza kupewa 6 mg/kg, karibu mara 1.7 ya anachostahili. Jina zima liandikwe kwenye faili, kwenye dripu na kwenye karatasi ya muuguzi.

Kuna pia sindano ya chini ya ngozi, 600 mg kwenye mililita 5, inayochomwa pajani kwa dakika 2 hadi 5 bila kujali uzito. Ina kimeng'enya cha hialuronidesi kinachofungua njia chini ya ngozi. Inafaa kwa mwenye mishipa iliyochoka na kwa kliniki yenye viti vichache. Kwa mgonjwa mwepesi, dripu ya aina inayofanana na asilia mara nyingi hushinda kwa bei. WHO iliidhinisha trastuzumabu ya kwanza ya aina hiyo Desemba 2019, na hatuoni sababu ya mtu kukopa ili apate boksi la jina kubwa wakati iliyoidhinishwa ipo. Aina hizi mbili hazibadilishani: ya sindano haiwekwi kwenye dripu, wala ya dripu haichomwi pajani.

Eko ya moyo hufanywa kabla ya kuanza na kila miezi 3. Nguvu ya moyo kusukuma damu ikishuka pointi 10 au zaidi na kufika chini ya asilimia 50, dozi husimama na eko hurudiwa baada ya wiki 3 hivi. Kwa wengi moyo hupona dawa ikisimama, tofauti na madhara ya doksorubisini, dawa ya kemotherapi. Kwa kuwa zote mbili huumiza moyo, hazipewi kwa pamoja, bali moja baada ya nyingine. Na mgonjwa akichelewa kwa zaidi ya wiki 1, arudishiwe dozi ya kwanza ya 8 mg/kg, la sivyo kiwango cha kingamwili kwenye damu kitabaki chini kwa muda mrefu.

Muda kamili kwa saratani ya matiti ya awali ni mwaka 1. Fedha zisipotosha, kuna njia ya heshima. Utafiti wa PERSEPHONE wa Uingereza, wenye zaidi ya wagonjwa 4,000, ulilinganisha miezi 6 na 12. Baada ya miaka 4, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 89.4 kwa miezi 6 na 89.8 kwa miezi 12. Utafiti wa PHARE wa Ufaransa haukuthibitisha usawa huo, kwa hiyo mwaka unabaki kuwa kipimo cha kawaida. Hata hivyo, miezi 6 iliyopangwa na kukamilika ni bora kuliko mwaka unaokatikakatika kila mchango unapoisha.

Rituksimabu: saa za kwanza, na ini

Rituksimabu iliruhusiwa Marekani mwaka 1997. Kwa limfoma ya seli kubwa za B hupewa pamoja na kemotherapi iitwayo CHOP kila siku 21, kwa kawaida mara 6. Mwenye eneo la mwili la 1.7 m² anahitaji 637.5 mg: chupa moja ya 500 na mbili za 100.

Dripu ya kwanza huanza kwa 50 mg kwa saa, ikaongezwa 50 kila nusu saa, isipite 400. Kabla yake parasetamoli, piritoni na steroidi. Baridi kali, homa na presha kushuka huja mara nyingi ndani ya nusu saa hadi saa 2, kwa sababu NK na makrofeji zinapofanya kazi humwaga saitokini, kemikali za kuamsha kinga. Seli B zikiwa nyingi kwenye damu, tetemeko huwa kubwa. Simamisha, tibu, kisha rudi kwa nusu ya kasi. Usiitupe dripu. Dozi ya pili huwa tulivu zaidi kwa kuwa seli nyingi zilizoshikwa zimekwisha, na huanza kwa 100 mg kwa saa. Mwenye dawa za presha aulize daktari kama azisimamishe saa 12 kabla.

Hatari inayoua kimya ni homa ya ini B. Seli B zikifutwa, virusi vilivyolala kwenye ini huamka. Mtego uko kwa mtu ambaye HBsAg yake (protini ya ganda la virusi) ni hasi lakini kingamwili dhidi ya kiini cha virusi, anti-HBc, ni chanya: maabara inayopima HBsAg peke yake itamwambia yuko salama. Vipimo vyote viwili vifanywe kabla ya dozi ya kwanza. Chanya apewe tenofoviri au entekaviri, aendelee nayo angalau miezi 12 baada ya rituksimabu kwisha. Anayetumia ARV za TLD tayari ana tenofoviri na lamivudini, zote hupiga virusi hivi. Kliniki ya ARV ijulishwe isije ikambadilishia dawa katikati.

Burkitt, limfoma ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala baada ya kuona watoto waliovimba taya, nayo hubeba CD20. Katika utafiti wa kimataifa wa watoto wenye limfoma za seli B zilizoiva na za hatari kubwa, kuongeza rituksimabu kwenye kemotherapi kuliinua waliokaa miaka 3 bila tukio baya kutoka asilimia 82.3 hadi 93.9. Kemotherapi ile ilikuwa nzito, na maambukizi yalihitaji uangalizi wa karibu. Hospitali isiyo na platileti, antibayotiki za dripu na kitanda cha kumtenga mtoto isitarajie namba zilezile kwa kununua rituksimabu tu.

Ugonjwa ukirudi, biopsi irudiwe. Baadhi ya limfoma hurudi zikiwa zimeitupa CD20, na hapo hakuna cha kushika.

Pembrolizumabu: namba ndogo inayoamua mengi

Hapa karatasi ya maabara huwa na alama ya CPS. Huhesabiwa hivi: seli za saratani, limfosaiti na makrofeji zenye PD-L1 zinajumlishwa, jumla inagawanywa kwa idadi ya seli hai za saratani, kisha inazidishwa kwa 100. Seli za saratani 14 zenye PD-L1 na seli za kinga 10, kati ya seli hai za saratani 200, ni CPS 12. Sampuli ikiwa na seli hai za saratani chini ya 100, haisomwi. Seli za kinga zinahesabiwa kwa sababu zenyewe ni ushahidi kwamba seli T zimefika kwenye uvimbe na kuzuiwa hapo. Uvimbe ambao seli T hazijaukaribia hauna wa kuamshwa.

Kwa saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa au kurudi, CPS ya 1 au zaidi inatosha. Katika utafiti wa KEYNOTE-826, kwenye kundi hilo, asilimia 53.0 ya waliopata pembrolizumabu na kemotherapi walikuwa hai baada ya miezi 24, dhidi ya 41.7 waliopata kemotherapi bila pembrolizumabu. Saratani ya titi isiyo na vipokezi vitatu, ikisambaa, inataka CPS 10. Kwa utumbo mpana usitazame PD-L1, tazama MSI, alama ya hitilafu ya kurekebisha DNA. Uvimbe wenye hitilafu hiyo hukusanya mabadiliko mengi ya jeni, hivyo seli T zina vipande vingi vya kigeni vya kutambua. Wa utumbo mpana asiye na hitilafu hiyo, na hao ndio wengi, asiuze kiwanja kwa ajili ya dawa hii. Mwaka 2025 WHO iliiongeza pembrolizumabu kwenye orodha ya dawa muhimu kwa saratani ya shingo ya kizazi, ya utumbo mpana yenye MSI, na ya mapafu, zikiwa zimesambaa.

Madhara yake hayafanani na ya kemotherapi, na hapo ndipo wagonjwa hupotea. Mtu anaharisha wiki ya 8, anakwenda duka la dawa, anapewa metronidazoli. Kumbe seli T zimeshambulia utumbo. Kwenda haja mara 4 hadi 6 zaidi ya kawaida yake kwa siku ni ngazi ya pili: dawa isimamishwe, kliniki ijulishwe siku hiyohiyo. Mara 7 au zaidi ni kulazwa, na prednisoloni ya 1 hadi 2 mg/kg. Steroidi hushushwa polepole kwa angalau wiki 4. Zikikatwa mapema kuhara hurudi. Kikohozi kipya na pumzi fupi, macho ya njano, uchovu usioeleweka na presha ya chini, kiu kali na mkojo mwingi: kila kimoja ni cha kupimwa siku hiyo, hata kama dozi ya mwisho ilikuwa miezi kadhaa nyuma. Mgonjwa atembee na karatasi inayotaja dawa hii. Daktari wa zamu usiku hana namna ya kukisia.

Anayemeza prednisoloni zaidi ya 10 mg kwa siku kwa ugonjwa mwingine haanzishwi kirahisi, kwa kuwa steroidi hizo hulaza seli T zinazotakiwa kuamka. VVU si sababu ya kumnyima mtu: utafiti uliochapishwa 2019 uliwapa dawa hii watu 30 wenye VVU waliokuwa kwenye ARV na CD4 zisizopungua 100, na usalama ulikubalika kwa ujumla. TB ichunguzwe kabla.

Uvimbe unaweza kuonekana umekua kwenye picha ya kwanza kwa sababu seli za kinga zimejaa ndani yake. Mgonjwa akiwa anajisikia nafuu, picha hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 8. Akiwa anadhoofika, usijidanganye. Hilo kwa kawaida ni saratani.

Zinapopewa pamoja

Seli T huona vipande vya protini vilivyowekwa juu ya HLA, vibao vya protini vilivyo juu ya seli. Uvimbe ukiificha HLA, seli T haioni kitu. Lakini kukosekana kwa HLA ndiko kunakoichokoza NK. Tena NK ikishaua, mabaki huokotwa na seli dendraiti na kupelekwa kwenye tezi kuwaonyesha seli T. Ndiyo hoja ya kuweka trastuzumabu na pembrolizumabu pamoja kwa saratani ya tumbo yenye HER2. Katika utafiti wa KEYNOTE-811, nyongeza ya pembrolizumabu ilisogeza wastani wa kati wa maisha kutoka miezi 16.8 hadi 20.0, na faida ilionekana zaidi kwa wenye PD-L1. Huyu anahitaji majibu mawili, HER2 na CPS, kutoka kwenye biopsi moja, basi daktari anayeingiza kamera tumboni achukue vipande vya kutosha mara ya kwanza.

Zilizo mbali kidogo

Blinatumomabu haina mguu. Ina mikono miwili tofauti: mmoja hushika CD19, alama ya seli za lukemia (saratani ya damu), mwingine CD3 ya seli T, ikizivuta zigusane. Hutoka mwilini ndani ya saa chache, hivyo hupita kwa pampu mfululizo siku 28. Mrija wake hausafishwi kwa kusukuma maji, maana dawa iliyomo ndani ingeingia yote kwa mara moja.

CAR-T hutumia kipande cha mkono wa kingamwili kilichopandikizwa kwenye seli T za mgonjwa mwenyewe. Seli hutolewa kwa mashine, hupelekwa kiwandani, hurudi baada ya wiki kadhaa. Anayeahidiwa tiba hii nje ya nchi aulize gharama ya kukaa karibu na hospitali baada ya kuwekewa seli, nani atalipa ICU saitokini zikifumuka, na kama tosilizumabu, dawa ya kutuliza dhoruba hiyo, dozi 8 mg/kg, iko kwenye friji ya hospitali hiyo kabla seli hazijayeyushwa.